Upepo wa Shigela

Rafiki yangu Teodora, fundi wa kuziba boti za mpira pale Butimba, aliitwa mchana mmoja kuziba mchubuko kwenye boti ya makomandoo. Boti hiyo ilijazwa upepo na mwanawe Shigela, komandoo mwenzao, asubuhi aliyozama ziwani wakiwa mazoezini. Tangu hapo hakuna aliyeigusa.

Umeme ulikuwa umekatika, stoo ya kambi, isiyo na dirisha, giza tupu.

“Toa upepo kwanza, mama,” askari alimwambia mlangoni, akaondoka.

Teodora alipapasa mpira ule wa baridi, akafungua valvu. Upepo ukatoka kwa sauti nyembamba, ukikatikakatika:

“Shikamoo, mayu.”

Wengine wote humwita mama. Shigela peke yake ndiye aliyemwita mayu, kwa Kisukuma.

“Marahaba, baba,” akaitikia, machozi yakimtiririka.

Upepo ukanyamaza. Valvu ilikuwa wazi, na boti bado imejaa ndi.