Msichana wa Ukurasa wa Nne

—Bonyeza basi, krimu ya keki inayeyuka! alisema Mjomba Verne, kisu mkononi.

Wote wakacheka isipokuwa mimi.

Tulikuwa jikoni kwa kina Garrett, Appleton, alasiri ya Mei mosi. Siku hiyo kila aliyepata chuo huvaa rangi za chuo chake, na nafasi inathibitishwa kabla ya saa kumi na moja. Garrett, mchumba wangu, alivaa sweta la kijani la Chuo cha Ellery. Keki ilikuwa ya kijani. Hata kucha za mama yake, Darlene, zilikuwa za kijani.

Mbele ya Garrett kompyuta ilikuwa wazi: mkopo wa dola elfu tisini na mbili, miaka minne, shahada ya biashara. Mdhamini, Darlene Wiesner. Darlene alikuwa ametia saini dakika tano tu zilizopita. Ilibaki ya mwanawe.

Kando ya kompyuta kulikuwa na kijitabu cha chuo, kimefunguliwa ukurasa wa nne. Hapo nilikuwa mimi, nacheka, meno yote nje. Chini ya picha waliandika: "Linnea, mhitimu wetu wa biashara. Mwaka wa kwanza kazini: dola 68,000."

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Niliandika ujumbe chini ya meza.

"Usitie saini. Nina jambo."

Garrett alisoma, akanitazama ng'ambo ya meza, akatabasamu.

"Sema tu mpenzi, hatukuli."

"Siwezi. Njoo nje."

—Hawa nao! Mjomba Verne alidakia. Meza moja, mnatumiana meseji?

—Mwache, Mjomba, alisema Garrett. Linnea ana haya.

—Haya gani, na picha yake inazunguka jimbo zima! Haya, msomi mtarajiwa, maliza. Kutambaa chini ya nyumba za watu nitabaki natambaa mwenyewe.

Garrett hutengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto, katika duka la mjomba wake. Mwaka jana alipata elfu hamsini na nne. Alikuwa ameaga kazi; Ijumaa ingekuwa siku yake ya mwisho.

—Nataka siku moja duka liwe na magari kumi, Mjomba, na vitabu vyake vya hesabu sijui hata kuvisoma. Halafu sitaki mke wangu anipite mshahara maisha yote.

Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kutia saini.

—Sikupiti, nilisema.

—Nini, mpenzi?

—Nasema sikupiti. Nalipwa elfu arobaini na moja.

Kisu cha Mjomba Verne kilibaki hewani.

—Walikupunguzia mshahara, mwanangu? mama yake Garrett aliuliza taratibu.

—Hapana, mama. Sijawahi kulipwa sitini na nane. Baada ya mahafali chuo kilitutumia fomu. Wenzangu waliokosa kazi hawakuirudisha. Mimi niliona aibu kuandika nilichopata, nikaandika nilichotamani. Baadaye wakapiga simu, wakaomba picha. Sikujua nitakataaje.

Garrett alikuwa amekunja ngumi juu ya meza.

—Na mkopo wako? Uliniambia umebakiza kidogo.

—Elfu sitini na saba.

—Sitini na saba!

—Nalipa mia saba na kumi na tano kila mwezi. Akaunti yetu ya harusi haina kitu, Garrett. Naweka pesa, halafu nazitoa kulipia mkopo.

Alisimama, kiti kikaanguka.

—Miaka miwili, Linnea! Huu ukurasa nimeubandika ndani ya gari la kazi. Nikilala kwenye tope chini ya nyumba ya mtu, najiambia, Linnea ameweza, na mimi nitaweza. Na mama je? Umemwangalia anatia saini, umenyamaza!

—Nilikuwa natafuta sauti.

—Sauti! Ungetuma meseji. Si ndiyo unayoiweza?

Akatoka, akaubamiza mlango wa nyuma. Nilichukua mkoba wangu.

—Kaa, alisema mama. Nipigie hesabu hiyo. Ya kweli.

Nilikaa. Niligeuza ukurasa wa nne, nikaandika nyuma ya uso wangu mwenyewe.

—Atalipa kama elfu moja na mia moja kila mwezi, miaka kumi. Na miaka minne ya masomo bila mshahara ni zaidi ya laki mbili anazoziacha hapa. Akimaliza, labda aanze kama nilivyoanza mimi, chini ya anachopata leo. Wapo wanaopanda haraka. Asipopanda, wenye mkopo wanakuja kwako, mama.

Mama alizitazama kucha zake.

—Na hayo mahesabu ya duka, atayajulia wapi?

—Chuo cha ufundi hapa mjini, masomo ya jioni. Elfu nne na kitu kwa mwaka, na kazi haachi.

—Mbona hakuna aliyetuambia? aliuliza Mjomba Verne.

—Hakuna anayeoka keki kwa ajili ya chuo cha jioni, Mjomba.

Simu yangu ilitetemeka, meseji ya Garrett. "Chuo wanajua?"

"Hapana."

Mlango ulifunguka, Garrett akaingia. Kumbe hakwenda mbali. Alikuwa uani, ndani ya gari. Macho yalikuwa mekundu.

—Wapigie.

—Sasa hivi?

—Sasa hivi kuna mtu jikoni kwao, anatazama sura yako, kidole kiko kwenye kitufe. Wapigie, Linnea.

Nilipiga, mbele yao wote.

—Ofisi ya wahitimu, Chuo cha Ellery.

—Naitwa Linnea Brandvold. Niko ukurasa wa nne.

—Linnea! Hapa tunakupenda sana!

—Ile sitini na nane ni uongo. Niliiandika mimi. Nalipwa arobaini na moja, nadaiwa sitini na saba. Iondoeni.

—Basi, labda wiki ijayo tungekaa tuka...

—Hapana. Leo. Watu wanatia saini leo!

Sikuwahi kumkatiza mtu maishani mwangu. Nilikata simu, nikaanza kulia.

Garrett aliifunga kompyuta. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika hamsini.

—Sijakusamehe, alisema.

—Najua.

—Itachukua muda.

—Najua.

—Mjomba, Ijumaa siondoki.

—Afadhali. Niliyempata wa kushika nafasi yako hata kupiga magoti hawezi.

Mama alicheka peke yake, huku anajifuta machozi. Garrett alivua sweta, akalitundika kwenye kiti. Kisha akauchana ukurasa wa nne kutoka kwenye kijitabu.

—Utautupa? niliuliza.

Aliukunja pale chini, chini kabisa, akaupitishia ukucha, akakichana kipande chenye zile sitini na nane na kukiacha juu ya meza. Picha akaitia kwenye mfuko wa shati lake la kazi.

—Huyu namjua, alisema. Kateni keki.