Mkanda wa Gurudumu la Kulia

Springi ilifika sokoni kabla ya gari. Ilikuja ikibiringika kutoka barabara ya Tororo, chuma kizito kilichojisokota kama nyoka, ikapita katikati ya mafungu ya nyanya ya Busia, ikapindua beseni la omena, ikasimama miguuni pa mwanamke aliyevaa gauni la njano pana kama hema. Nyuma yake akaja Nurudin, fundi wa gereji ya Tororo, ovaroli imeloa oili, anahema kama aliyefukuzwa na nyuki.

Yule mwanamke akaikalia springi kama kigoda.

"Dada, samahani. Hiyo ni yangu."

"Yako? Imeingia kwangu bila hodi. Mgeni wa namna hiyo haondoki mpaka aokote omena za watu."

Wanawake wakacheka. Nurudin akapiga magoti, akaokota dagaa wale mmoja mmoja mbele ya soko zima. Alipomaliza, yule wa gauni la njano akainuka ampishe. Hapo mche wa sabuni ukadondoka kutoka chini ya gauni lake.

Kicheko kilikatika. Ulikuwa mwaka wa sabini na saba. Upande wa Uganda sabuni ilikuwa adimu kuliko nyama, na wanajeshi wawili walikuwa wanakuja hatua ishirini tu kutoka pale. Nurudin akauokota ule mche, akausukuma ndani ya ovaroli, akaendelea kuokota omena ambazo hazikuwapo. Wanajeshi wakapita.

"Nilidhani ni mapacha," akanong'ona.

"Ni kumi na wawili," mwanamke akamjibu. "Naitwa Loice. Nirudishie mtoto wangu."

Ndivyo walivyojuana. Loice alikuwa wa Busia ya upande wa Kenya, akivuka kila siku na sabuni zimefungwa kiunoni. Tangu siku ile Nurudin alijua kutafuta sababu za kwenda Busia, na Loice alijua kumngoja penye chai ya tangawizi.

"Fundi wangu, springi gani ile inayotoroka kama ng'ombe?"

"Si zile za bapa zinazofungwa kwa boliti. Ile hukaa kwenye kikombe tu, na uzito wa gari ndio unaoikalisha. Mwenye gari alitaka liwe refu kwenda juu, lipite majini, nikaliinua. Sasa likiruka shimo, gurudumu linaning'inia, springi inalegea, inachomoka."

"Basi lizuie gurudumu lisishuke sana."

"Ndiyo. Kwa mkanda, kutoka chesisi, fremu ya chini, hadi ekseli ya gurudumu. Lakini mkanda wa nguvu hapa kwetu utaupata wapi, mama sabuni?"

"Na hilo gari ni la nani?"

Nurudin alikunywa chai kwanza. "La mzee mmoja wa ng'ombe," akasema.

Alhamisi Loice alimletea mikanda minne ya kufungia turubai za malori, minene, yenye mstari wa buluu katikati. Aliivusha kiunoni kama sabuni. Nurudin aliifunga, kila gurudumu na wake, kisha akaliinua gari kwa chesisi mpaka magurudumu yote yakaning'inia hewani. Hiyo ilikuwa desturi aliyofundishwa na ami yake Zubairi, mwenye gereji: gari lililorefushwa halitoki nje mpaka lining'inizwe. Springi hazikutikisika. Zubairi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jioni Kapteni kutoka kambini akaja kuchukua gari lake.

Wiki mbili baadaye Loice aliingia gereji bila salamu. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimelegea, macho mekundu.

"Nuru. Mzee wako wa ng'ombe anavaa kofia ya jeshi siku hizi?"

Spana ikamtoka Nurudin mkononi.

"Jana tulikuwa njia ya Lumino, tumejificha kwenye mafunjo. Tulizoea kwamba gari halifiki pale. Hili likafika. Likapita juu ya tuta, nikaliona tumbo lake. Nikaona mikanda yangu! Buluu yangu!" Akajipiga kifua. "Wamemkamata Mable, mwenzangu wa sabuni. Wamempiga nyayo mpaka hawezi kusimama. Nami ndiye niliyewaletea mkanda."

"Loi, nisikilize. Ningekataa, wangeniua."

"Ningeelewa! Ungeniambia ni la nani, ningeelewa. Lakini ulinywa chai, ukanidanganya."

Loice akaondoka, na Nurudin akasimama pale mpaka ami yake alipomgusa bega.

Mwezi mzima chai ya tangawizi ilinyweka bila wao. Halafu Jumatano moja asubuhi Kapteni akaleta gari litiwe grisi.

"Fundi, kesho nakwenda Lumino. Hii wanawake ya sabuni kesho namaliza yote. Mchana narudi kuchukua gari."

Nurudin alikimbia mpaka posta ya Tororo, akaomba simu ya Kenya, duka la shangazi yake Loice. Alijua kwamba kwenye simu ile daima kuna sikio la tatu.

"Loi, ni mimi. Kesho usivuke."

"Nani anasema? Wewe au Kapteni?"

"Mpenzi, nakuomba. Siwezi kusema zaidi."

"Hukusema nilipokuuliza, leo ndiyo unajua kusema? Kesho tunavuka, Nurudin. Watoto wa Mable wanataka kula." Simu ikakatwa.

Alirudi gereji polepole. Akaingia chini ya gari, akalala chali, akautazama mkanda wa gurudumu la mbele la kulia kwa muda mrefu. Kisha akafungua boliti mbili, akautoa, akapaka tope mahali ulipokuwa.

Alipotoka, Zubairi alikuwa amesimama mlangoni. Mzee aliutazama mkanda mkononi mwa Nurudin, akalitazama gari.

"Ami, kuna msiba kijijini Mwello," Nurudin alisema. "Inafaa uende leo."

"Nani amekufa?"

"Bado."

Mzee alipitisha kiganja juu ya meza yake ya kazi aliyoitumia miaka arobaini. Akachukua kofia yake na spana moja ndogo, akaondoka bila kuuliza tena.

Mchana Kapteni alikuja, akapiga teke tairi. "Umeinua jeki? Springi nakaa?"

"Imekaa, afande."

Gari likaondoka. Nurudin akafunga mlango wa gereji, akajua hataufungua tena. Alfajiri alivuka mpaka wa Malaba kwa miguu katikati ya foleni ya malori, kama utingo, mkanda umekunjwa ndani ya shati. Saa sita alikuwa ameketi kwenye benchi la duka la shangazi yake Loice, na shangazi akamkaribisha kwa maji tu.

Loice alifika saa tisa. Tope mpaka mapajani, gauni la njano limechanika, kiunoni hakuna sabuni hata moja. Alisimama akimtazama.

"Ilichomoka," alisema. "Tulikuwa tumeshakata tamaa, wako nyuma yetu kabisa. Walipopanda ukingo wa mto ikachomoka, ikabiringika mpaka majini kama siku ile. Gari likalala ubavu. Tukatupa kila kitu, tukakimbia. Wote tumefika."

Nurudin alitoa mkanda, akauweka juu ya kaunta. "Wa kulia mbele."

Loice aliugusa mstari wa buluu kwa kidole.

"Watakutafuta."

"Ndiyo. Sirudi tena."

"Na mzee?"

"Yuko Mwello. Mungu amfiche."

Loice akaketi, lakini mwisho wa benchi, mbali naye. "Mable yuko nyumbani, walimwachia. Anatambaa. Kesho tutakwenda, umwambie mwenyewe ni nani aliyelirefusha lile gari."

"Nitamwambia."

"Anaweza kukutemea mate."

"Nitapangusa. Na baada ya hapo, Loi? Nataka kwenda kwa baba yako. Sina gereji, sina nchi, ila mikono ninayo. Nataka nikuoe."

"Baba ni mzee wa kanisa. Atakufukuza."

"Nitarudi."

"Atakufukuza tena."

"Nitarudi tena."

Loice hakucheka, lakini alisogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa la Nurudin. Kisha akauchukua mkanda, akajifunga kiunoni, pale sabuni zilipokuwa zikikaa. Gauni pana likakaza. Nurudin akaona, kwa mara ya kwanza, jinsi alivyokuwa mwembamba.