Alisema Nimepaki

Tik-tik-tik. Kifuniko cha sufuria kilicheza gizani, kikimwambia Bilhah kwamba chai imeanza kuchemka. Alipapasa ukutani, akawasha taa, akamfunika vizuri binti yake Phelis, kisha akaanza kukanda unga wa mandazi.

Kufikia saa mbili asubuhi alikuwa kwenye geti la kiwanja cha ndege, Phelis ameketi juu ya ndoo kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Zamani hapa palikuwa na nyasi na ng'ombe, na majani chai pande zote. Sasa karakana tatu zilikuwa zimesimama, mabati yanang'aa: ya injini, ya propela, na ya kupaka ndege rangi. Ndege zilizokuwa zikipelekwa mbali kutengenezwa zililetwa hapa, na mafundi wake hawakuwa na subira ya chai.

"Mama Phelis, leo mandazi imekuwa ndogo kama kifungo!" Nyagaka, bawabu wa geti, alimchokoza.

"Ni tumbo lako limekuwa kubwa. Sogea wengine wanunue!"

Watu wakacheka. Nyuma ya kicheko sauti moja ikasema, "Chai moja, dafadhali."

Bilhah aliijua kabla ya kugeuka.

Alikuwa Kipkurui, ndani ya ovaroli ya buluu, grisi hadi kwenye viwiko. Miaka sita, na bado *t* na *d*, *p* na *b*, mara nyingine zilikuwa mapacha kinywani mwake, kama kwa Wakipsigis wengi. Enzi zao kule Kiptere alikuwa akimwita "pipi," naye Bilhah, binti wa Kisii, akimtania, "Ni pipi ya kumung'unya ama bibi wa kuoa?" Alikuwa akijibu, "Yote mawili, mpenzi."

Walisogea kando ya meza.

"Uliondoka bila hata kwaheri," Kipkurui alisema.

"Mimi? Si ni wewe ulipata kazi ya ndege Nairobi, ukanipigia simu ukasema umepaki? Nikakuuliza, 'Umepaki?' Ukasema, 'Ee, nimepaki kabisa,' tena unacheka! Nikajua nguo ziko ndani ya begi, mimi nimeachwa."

Kipkurui alimkodolea macho.

"Bilhah, ile kazi niliikataa. Tuliambiwa karakana zitajengwa hapa, nikaona afadhali ningoje, niwe karibu na wewe. Nilikwambia nime..." Midomo ilijaribu, ikashindwa. "Sijaenda! Niko hapa! Ndiyo nilikuwa nasema."

*Nimebaki.*

Kosa la ulimi ambalo Bilhah alikuwa akilicheka kila siku, siku ile moja lilimpita sikioni. Usiku uleule alitupa laini ya simu chooni, akarudi kwao Kisii akiwa na mimba ambayo hakuwa amemwambia mtu. Alitaka kwanza Kipkurui achague mwenyewe, bila kusukumwa. Na kumbe alikuwa amechagua.

"Kesho yake nilikuja na kuku wa mama," Kipkurui alisema polepole. "Nikakuta kufuli. Nilikaa pale mlangoni hadi kuku akanyeshewa. Nikangoja mwaka mzima, ndiyo nikaenda Nairobi kweli."

"Ulioa?"

"Ningeoa nani?" Macho yake yakaangukia ndoo. "Na huyu?"

"Ana miaka mitano na miezi minne."

Kipkurui alifuta mikono kwenye ovaroli, akafuta tena, akachuchumaa. Uso wenye kidevu kilekile chake ulimtazama.

"Bilhah, nimekosa kumwona akitambaa," alisema.

"Nisamehe."

"Wamenitaka niongoze karakana ya propela. Jana nimewakatalia. Hizi barabara zote zinanikumbusha wewe. Nimefundisha vijana siku mbili, gari inanichukua saa nne hii. Begi iko hapo kwa Nyagaka."

Kutoka barabarani honi ililia mara mbili. Kipkurui aliinuka.

Bilhah alichukua kikombe, akaanza kukifuta. Alikuwa akitaka tena kukisiwa bila kusema, kama miaka sita iliyopita.

Phelis aliteremka kwenye ndoo. Tangu warudi huku kutoka Kisii, mamake akienda darasa la jioni, aliachwa kwa jirani yao Chepngetich, Mkipsigis, na ulimi wake ulikuwa umeshika wa huko. Alivuta leso ya mamake.

"Mama, mwambie apaki."