Kidirisha cha Salamu

Fenna Wiersma aliingia kwenye soko la kompyuta kuukuu mjini Zwolle akiwa na mafua, uchovu wa wiki nzima ya ofisini, na koti la mvua la kijani lililopauka mabegani. Ukumbi ulijaa wanaume wenye mvi wakisukumana na makasha yao bila hata kuombana radhi. Yeye alitaka kitu kimoja tu: kijitabu cha maelezo cha Ngome ya Mto, mchezo wa vita wa mwaka tisini na tatu. Kampuni iliyoutengeneza ilikwisha kufa, nao mchezo haufunguki tena kwenye kompyuta za siku hizi, kwa hiyo mashabiki kumi na wawili, yeye akiwemo, walikuwa wakiufufua kwa kuuandika upya jioni baada ya kazi.

Alikiona, akakishika. Mkono mwingine ulikuwa umekishika upande wa pili.

"Nimekiona kwanza," alisema mwenye mkono, mwanamume mrefu mwenye sweta ya bluu iliyotoboka kiwikoni na buti zenye matope.

"Macho hayanunui."

"Unakitakia nini? Huu si mchezo wa..."

"Malizia, nikusikie."

Alimtazama, akaona heri asimalizie. "Wa watu wenye haraka."

"Nataka jedwali la matope, ukurasa wa arobaini. Kwenye kundi letu kila mtu anajua vifaru hupunguza mwendo kiasi gani, na hakuna wawili wanaokubaliana."

Yule mwanamume akakiachia kijitabu. "Ubishi huo niliuanzisha mimi. Mimi ndiye Mchoraji."

Fenna alipenga kamasi kwanza. Kwa mwaka mzima alikuwa akiandikiana na Mchoraji, mtu aliyechora upya ramani zote za mchezo, bila kumjua sura wala jina. "Mimi ndiye Fundi," alisema.

"Fundi? Nilidhani Fundi ni mzee wa miaka sitini."

"Na mimi nilidhani Mchoraji ana adabu."

Aliitwa Jelte Bouma, naye alipima matuta ya kuzuia maji nje ya Groningen, mji uleule alioishi Fenna. Walirudi kwa treni moja, wakashuka, wakala mayai yaliyoviringishwa unga na kukaangwa, chakula cha mji ule, wakiwa wamesimama mvuani, wakabishana juu ya matope mpaka mafuta yakagandia vidoleni. Basi, yakawa mapenzi.

Yalikuwa mapenzi ya watu waliochoka, tuseme kweli. Fenna alitoka ofisini macho mekundu, Jelte alitoka kwenye matuta miguu imelowa, wakakaa meza moja, huyu akiandika, yule akichora, na aliyesinzia kwanza alifunikwa blanketi. Wao kwa wao walikuwa na pambano moja la Ngome ya Mto lisilokwisha, la kutumiana kwa barua pepe: mmoja hucheza zamu yake, humtumia mwenzake faili, kisha husubiri.

Mwezi wa tano kundi zima lilikutana kujaribu toleo jipya. Fenna alikuwa amekesha miezi minne akimwandika upya adui, yule anayechezwa na kompyuta yenyewe. Jelte alicheza naye saa nzima, kisha akasema mbele ya wote, "Anacheza kama mtu ambaye hajawahi kushindwa. Hajui kurudi nyuma. Hachoki." Watu wakacheka. Fenna akafunga kompyuta yake, akatoka.

Jelte alimkuta kwenye kibanda cha baiskeli.

"Miezi minne, Jelte."

"Nilisema kweli."

"Ungenisemea nyumbani hiyo kweli yako."

"Fenna, mpenzi..."

"Usinipigie. Usiniandikie. Usije."

Jelte hakupiga simu, hakuandika, hakuja. Lakini pambano halikukatazwa, na kila wiki faili la zamu yake lilifika. Fenna alilifungua kila Jumapili kwenye toleo jipya alilolitengeneza kwa mikono yake, akaona majeshi ya Jelte yakirudi nyuma pole pole, akayashambulia, akarudisha faili. Wiki moja daraja kuu liliachwa bila mlinzi hata mmoja. Mtego, alijisemea, akalizunguka kwa mbali. Hata neno moja hana, aliwaza, anachotaka ni kunishinda tu. Ilimuuma. Alimpenda bado, na kule kumpenda kulimchosha kuliko ofisi.

Mwezi wa nane, Jumamosi asubuhi, simu ililia. Alikuwa Mzee Dijkema, mwalimu mstaafu aliyejiunga na kundi tangu siku ya kwanza.

"Binti, huo mchezo wenu mpya umemmeza kaka yangu."

"Umemmeza vipi, mzee?"

"Yuko Kanada. Miaka ishirini na tano tunacheza naye, na kila zamu huniandikia kwenye kile kidirisha cha salamu. Sasa nafungua zamu, naona vifaru tu. Nimempigia, anasema ameandika. Kidirisha kiko wapi?"

"Nilikiondoa mimi. Nilijua watu siku hizi wana simu, nani ataandika humo?"

"Watu wasioweza kusemeshana kwa simu," alisema mzee. "Kirudishe, mwanangu."

Fenna alikirudisha. Haikuchukua hata saa moja. Ili ajaribu kama kinafanya kazi alihitaji faili lililochezwa kwenye toleo la zamani, na katika kundi zima aliyebaki huko kwa ukaidi, na kompyuta yake kuukuu, ukimwacha kaka wa mzee, alikuwa Jelte. Alichukua la kwanza, la mwezi wa tano. Kidirisha kikafunguka.

*Hukunikataza kucheza, ndiyo maana nasemea huku. Nilichosema ni kweli, nilipokisemea ndipo nilipokosea. Nisamehe.*

Akafungua yote kumi na matatu.

*Nimekuachia daraja. Lichukue, upumzike.*

*Najua una hasira. Andika hata "mjinga", nitafurahi.*

La saba: *Utaolewa nami? Najua hapa si mahali pake.*

Na la mwisho: *Nimechoka kusema na ukuta. Kule kusini, Zeeland, wamenipa kazi, naondoka mwisho wa mwezi. Ukirudisha zamu hii bila neno, nitajua jibu lako.*

Zamu hiyo aliirudisha Jumapili iliyopita, bila neno. Na leo ilikuwa mwisho wa mwezi. Alipiga simu papo hapo.

"Fenna?" Nyuma ya sauti kulikuwa na kelele za watu.

"Uko wapi?"

"Stesheni. Treni yangu saa saba na robo."

"Sikuziona salamu zako, Jelte. Nilikiondoa kidirisha. Nimezisoma sasa hivi."

"Zote?"

"Usipande hiyo treni."

Aliendesha baiskeli bila koti, nywele hazijachanwa, fulana ya kulalia ndani ya suruali ya kazi. Alimkuta kwenye benchi, katikati ya masanduku ya watu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vibaya. Alikuwa amekonda. Treni ilikuwa imekwenda, naye hakuwa ndani yake. Fenna alikaa kando yake, akihema.

"Miezi mitatu nilidhani umenyamaza," alisema.

"Na mimi nilidhani wewe. Nilikuwa nafungua zamu yako, naona kidirisha cheupe, nasema basi, leo pia."

"Mjinga," alisema Fenna, akalia. Jelte akamvuta begani, na hapo wakakaa, treni nyingine ikaja na kwenda.

"Mkataba nimeshasaini," alisema Jelte. "Miaka mitatu."

"Ni mwisho kabisa wa nchi."

"Karibu saa tano za treni."

"Nitalala njiani. Ndiyo usingizi pekee nitakaoupata."

Jelte akacheka kidogo, kisha akaangalia mikono yake. "Ile ya saba uliisoma?"

"Niliisoma."

"Na?"

"Uliza kwa mdomo. Nimechoka, lakini nasikia."

Akauliza. Kipaza sauti kilikuwa kikitangaza treni ya Leeuwarden, ikambidi arudie kwa nguvu, na mama mmoja mwenye mfuko wa vitunguu akageuka kuwatazama.

"Ndiyo," alisema Fenna. "Lakini Zeeland sihamii."

"Sikukuomba uhame. Nimekuomba uolewe."

"Basi ndiyo," alisema, akafumba macho, na Jelte hakuthubutu kusogeza bega.