Mkono Kwenye Televisheni

Asubuhi ile chumba cha upasuaji kilinuka udi. Si spiriti, si dawa ya kudekia. Udi, kama chumbani kwa bibi harusi. Donatus aliuliza nani kachoma. Wenzake hawakusikia harufu yoyote, wakamcheka.

Hakuwa na moyo wa kucheka. Miaka yote yeye ndiye alikuwa bingwa wa kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi katika hospitali ile ya njia ya Geita: anaingiza chuma chenye taa kinywani mwa mgonjwa, anachungulia koo kwa jicho lake mwenyewe, anapitisha mpira wa kupumulia. Sasa, mwaka huu wa tisini na tisa, wageni walikuwa wameleta chuma chenye kamera, koo zima linaonekana kwenye televisheni, wakataka viwili hivyo vilinganishwe. Cha kamera akapewa Bernadina, ambaye Donatus ndiye aliyemfundisha kazi. Na Bernadina alikuwa anashinda.

"Mwangaluka, mayu!" ndugu wa wagonjwa walimwamkia Bernadina kwa Kisukuma, wakimwita mama, wakampita Donatus kana kwamba ni kiti. Wivu ulimkaba, usiseme.

Alipobaki peke yake akifuta chuma chake, udi ulimsogelea, na sauti ya kike ikamnong'oneza sikioni.

"Nikusaidieje, mpenzi?"

Akajibu bila hata kugeuka, "Mnyamazishe yule."

Kesho yake Bernadina aliamka hana sauti. Kufika mchana pumzi nayo ilikuwa inapita kwa shida, wakamlaza mezani.

"Mzee Donatus, mwekee mpira upesi," alisema Dokta Gregory, daktari wa zamu. "Tumia cha kamera, sote tuone."

Akakiingiza kwa mkono wa kushoto, na udi ukajaa chumbani hadi machozi yakamtoka, na kwenye televisheni, pale palipopaswa kuonekana njia ya hewa, vikaonekana vidole vya mwanamume vimelikamata koo kwa ndani, na Donatus alipokunja mkono wake wa kulia kwa hofu, vidole vile navyo vikajikunja, na muuguzi akaitazama televisheni, kisha akautazama mkono ule.

"Yesu wangu," alinong'ona. "Ni wako."

"Mwachie," Dokta Gregory alisema polepole. "Donatus, mwachie dada wa watu."

"Namwachia! Mungu shahidi, namtakia heri! Ananizidi kazi, nakubali!"

Aliyasema kwa kinywa tu. Kwenye televisheni, vidole vilizidi kubana.