Buluu ya Mchongaji

Haya niliyasikia kwa mke wa mchongaji mwenyewe. Tunapakana ukuta kwa ukuta, na mama yule si mtu wa porojo. Anasema ilikuwa Jumamosi asubuhi, miaka kumi na mitano iliyopita, jua limewaka vizuri, naye anakunja nguo.

Mumewe alichonga sanamu za marehemu kwa ajili ya familia zao. Kabla ya kugusa mti, humchora mtu kwa rangi za maji kwenye karatasi: kahawia kwa kitakachobaki, buluu kwa kitakachokatwa. Mwalimu wake alimkanya jambo moja tu. Aliye hai usimtie buluu. Lakini binti yao wa miaka saba, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alimganda baba wiki nzima. Na mimi unichonge, na mimi unichonge. Mtoto akililia wembe, mpe. Ijumaa baba akamchora amesimama, akamzungushia buluu.

Jumamosi hiyo Chiriku hakutoka kucheza.

"Mama, mguu wangu umekufa ganzi."

Mama akausugua. Ulikuwa wa baridi na mgumu, kama mguu wa meza. Akaenda kumwita mumewe. Akamkuta karakanani ameuinamia mchoro. Buluu ilikuwa imevuka mstari na kuingia kwenye vidole vya mguu wa kushoto.

"Jana niliiacha imekauka," mume alinong'ona.

Akachovya sponji kwenye maji safi, akaifuta. Hapo ndipo alipoharibu. Buluu ilipoonja maji ikakimbia. Wayo. Kifundo. Muundi.

Kutoka chumbani mtoto akasema, "Mama, baridi inapanda."

Mume akampigia simu mwalimu wake. Mzee akajibu kwa sauti ya chini, "Haifutiki hiyo. Ikishaingia, inakatwa. Kateni kabla haijafika kifuani."

Mume akashika mkasi. Mkono uliochonga miaka ishirini ukagoma. Buluu ikafika goti. Mama anasema aliogopa mpaka akasahau kulia. Akampokonya mkasi, akakata karatasi juu kidogo ya goti.

Akautupa mkasi.

Akakimbia chumbani. Akafunua shuka. Mtoto amelala, anapumua. Mguu wa kushoto haupo. Damu hakuna, hata tone. Palipokatwa palikuwa pamepona, pamelainika, kana kwamba pamepigwa msasa.

Hospitali waliuliza maswali mpaka wakachoka. Mchongaji hakugusa tena patasi. Mchoro wa mtoto waliufungia kabatini, maana nani angethubutu kuuchoma? Kile kipande cha karatasi chenye mguu mama alikiweka kwenye droo yake, chini ya nguo, kwa uchungu tu wa mzazi.

Chiriku sasa ni mwanamke wa miaka ishirini na mbili, anatembea kwa magongo, na hajui mama yake ana nini kwenye droo. Mguu wa kwenye karatasi si wa mtoto tena. Buluu imefifia, nao mguu kila mwaka unarefuka kidogo.

Mwezi uliopita Chiriku alikaa barazani akapaka rangi kucha zake za mguu, tano alizobakiwa nazo, nyekundu. Mama akamtazama, akaukumbuka ule mguu wa karatasi. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akavuta droo.

Na zile tano nyingine zilikuwa zimepakwa. Rangi bado mbichi.