Folda Iliyoitwa Wangu

Folda moja ilikuwa imezidi.

Mwalimu wa lugha aliziunda mwenyewe folda za somo lake la mtandaoni na kuzipa majina: Mazoezi, Masahihisho, Sauti za Wanafunzi. Sasa chini ya hizo palikuwa na nyingine, Wangu. Ndani mlikuwa na faili moja tu, sauti ya msichana wa dawati la mbele akisoma shairi.

"Ni ile programu-jalizi yako," alisema fundi wa kompyuta, ambaye walimu walimwita Waya kwa wembamba wake. "Si uliibandika juzi ikupangie mafaili? Hiyo ni kupe, dada. Hupanda juu ya programu kubwa, hunyonya, hunenepa."

"Basi mbandue huyo kupe."

"Ilipoomba ruhusa, ulisoma inachoomba?"

"Waya, nina madaftari ya madarasa matatu. Nani husoma? Nilibonyeza Ruhusu Yote."

"Umesema karibu kabla ya kuuliza nani." Akacheka, akaifuta.

Kesho yake ilikuwa imerudi. Folda ya Wangu ilikuwa na faili nne, na wanafunzi wanne hawakuwa na sauti. Hayakuwa mafua. Walifungua vinywa ikatoka pumzi tupu, kama mpira uliotobolewa. Chumba cha walimu kilinuka nywele zilizoungua, ingawa jua la asubuhi liliingia na madirisha yote yalikuwa wazi. Ndani ya spika iliyozimwa, mtu alikuwa akisafisha koo.

"Tufunge shule kidogo," alinong'ona mwalimu mkuu. "Haya si mambo ya kuchezea."

"Tumfungie nani?" alijibu mwalimu wa lugha. "Huyo hata sare hana."

Waya aliifuta tena. Ikarudi mbele ya macho yake. Safari hii hakucheka.

"Dada, mimi siwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Ruhusa uliitoa wewe. Hatolewi na asiyemkaribisha."

Kabla hajamaliza, binti wa mwalimu wa lugha, aliyesoma darasa moja na wale wanne, alitokea mlangoni akiwa amejishika koo, akamtazama mama yake kwa macho ya mtu anayezama, akafungua mdomo, na neno alilotaka kulisema likatoka nyuma ya mama yake, kwenye spika, taratibu, kwa sauti ileile iliyokuwa ikimwamsha kila asubuhi tangu mtoto alipojua kuzungumza.

"Mama. Usinifukuze. Ulinikaribisha mwenyewe."

Mwalimu mkuu alitoka mbio. Mwalimu wa lugha alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta.

"Nilikukaribisha upange mafaili," alisema. "Sikukukaribisha ule watoto. Na ukizungumza nami, tumia sauti yako, kama unayo."

Spika ikanyamaza. Akaufungua ukurasa wa ruhusa, akabonyeza Ondoa. Maneno yakajiandika: Mgeni hatoki mikono mitupu. Sauti zao zitarudi. Yako ataondoka nayo. Unakubali?

Safari hii alisoma kila neno, kisha akarudia.

"Anataka nini?" aliuliza Waya.

"Sauti yangu."

"Usibonyeze, dada! Mwalimu asiye na sauti ni nini?"

"Ni mwalimu," alisema, akabonyeza.

Harufu ilikatika kama iliyofungiwa mlango. "Mama!" alilia binti, na safari hii neno lilitoka kinywani mwake. Mama akamkumbatia, akataka kumjibu. Ikatoka pumzi.

Asubuhi iliyofuata watoto walimkuta darasani kama kawaida, chaki mkononi. Ubaoni alikuwa ameandika: Someni kwa sauti. Mimi ninasikia. Wakasoma, kwanza kwa woga, kisha kwa fujo, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka na mwalimu wa darasa la pili akaja kulalamika.

Tangu hapo, kila anapowasha kompyuta kabla ya somo, swali hujitokeza: Je, unaruhusu? Na ndani ya spika sauti humbembeleza, humwita mwanangu, humwahidi kurudi nyumbani. Ni sauti yake mwenyewe.

Huisikiliza mpaka mwisho. Kisha hufuta chaki kwenye kidole, akabonyeza Hapana, akageukia ubao.